Kuimba Wimbo wa Seiko Matsuda Ukiwa Mosocho

Mwongozo huu ni wako wewe kijana, au wewe mwalimu wa kwaya, unayeishi Mosocho na ambaye wimbo wa Kijapani umekunasa. Pengine ulianzia kwenye katuni uliyotazama kwa simu, ukavutwa na wimbo wake wa ufunguzi, kisha simu ikakuletea mwingine na mwingine mpaka ukakutana na sauti ya msichana aliyerekodi miaka mingi kabla hujazaliwa. Sasa hutaki kuusikiliza tu, unataka kuuimba. Wengi wakifika hapo hutafuta tafsiri, huisoma, huona maneno ni mepesi, kisha huimba kwa kukisia, na baada ya siku chache huacha wakisema Kijapani ni kigumu. Nashikilia kwamba njia hiyo imeanzia mwisho. Anza na mdomo, uingie kwenye ufundi wa wimbo, maana ifuate, lakini ifike kabla hujasimama mbele ya watu. Na nashikilia jambo jingine kubwa zaidi: mtu aliyelelewa kwa Ekegusii na Kiswahili tayari ana nyenzo za kuimba Kijapani ambazo Waingereza wengi hawana, ila hakuna aliyemwambia.

Kwanza chagua wimbo mmoja, ukae nao. Mimi ningekuchagulia Akai Sweet Pea wa Seiko Matsuda, uliotoka Januari 1982. Seiko alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa Kurume, kisiwani Kyushu, akaanza kurekodi mwaka 1980, na kuanzia mwaka huo hadi 1988 nyimbo zake 24 mfululizo zilishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Oricon. Kabla ya rundo hilo kulikuwa na Aoi Sangosho wa mwaka 1980, uliomtangazia jina, na mwanafunzi mpya hutamani kuanza nao kwa sababu unasisimua. Usianze nao. Aoi Sangosho hufunguka moja kwa moja na kiitikio, sauti iko juu tangu pumzi ya kwanza, na koo lisilozoea litakwaruzika kabla ya ubeti kuanza. Akai Sweet Pea hukuingiza polepole, kwa sauti tulivu, na hukupa nafasi ya kusikia kila silabi inavyokaa kwenye noti yake. Hilo la silabi ndilo jambo lenyewe, nami nitakaa nalo kidogo.

Ulipokuwa shuleni ulifundishwa kuhesabu mizani za shairi. Ulijua kwamba neno mtoto lina mizani tatu, kwa kuwa ile m ya mwanzo inasimama peke yake, na kwamba kaa lina mizani mbili ingawa masikioni ni kama irabu moja iliyovutwa. Kijapani hupimwa vivyo hivyo. Jina la mji mkuu wao, ambalo sisi hulitamka haraka, kwao lina mizani nne: to-o-kyo-o. Jina la nchi, Nippon, nalo lina nne: ni, kisha kimya cha pigo moja midomo ikiwa imefungwa, kisha po, kisha n inayosimama peke yake kama ile m ya mtoto. Mashairi yao ya kale yalijengwa kwa mafungu ya mizani tano na saba, kama yetu yanavyojengwa kwa nane na nane, na watunzi wao wa nyimbo za redio na televisheni, hasa wa zamani, walipenda kuipa kila mizani noti yake. Kwa hiyo Mwingereza akiimba Kijapani hukosea kwa kubana silabi mbili ziwe moja na kuikandamiza nyingine, maana lugha yake imemzoesha hivyo. Wewe hujazoeshwa hivyo. Irabu za Kijapani ni tano, zile zile za Kiswahili, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Jina Mosocho lingeandikwa kwa herufi zao bila kuongezwa wala kupunguzwa irabu: mo-so-cho. Kisii lingebadilika kidogo tu, liwe Kishii, kwa sababu hawana si katika maneno yao ya asili.

Ekegusii kinakupa zaidi ya hapo. Ni lugha inayotofautisha irabu fupi na irabu ndefu, na inayotumia kupanda na kushuka kwa sauti kutenganisha maneno. Kijapani hufanya yote mawili, ingawa kwa kanuni zake. Kwa Kijapani, obasan ni shangazi au mama mdogo, na obaasan ni bibi. Anayefupisha irabu amemfanya bibi kuwa shangazi. Sikio la mtu wa Mosocho halihitaji kufundishwa kwamba urefu wa irabu una uzito, linahitaji kukumbushwa tu. Tena kuna suala la r na l. Mkisii ameshachekwa sana Nairobi kwa kutia r penye l, kwa kuwa Ekegusii hakina l ya asili. Kijapani nacho kina sauti moja tu mahali hapo, mguso mwepesi wa ulimi nyuma ya meno. Huku hutachekwa. Kinachochekwa kwingine ndicho matamshi sahihi hapa.

Kazi ya siku za mwanzo basi iwe hivi. Tafuta maneno ya wimbo yaliyoandikwa kwa herufi za Kirumi, uyanakili kwa mkono kwenye daftari, silabi kwa silabi, ukitenganisha kwa vistari. Punguza mwendo wa rekodi kwenye simu hadi robo tatu, kisha usome maneno kwa sauti ya kuzungumza, huku kidole gumba kikigusa kidole kingine kwa kila mizani. Usiimbe bado. Maeneo manne yatakusumbua, nayo ni haya ninayoyajua kuwa mageni kwako: silabi kama kyo na ryo, ambazo wengi wetu huzivunja zikawa kio na rio, ilhali ni pigo moja, konsonanti iliyorudufiwa, ambapo lazima unyamaze pigo zima, tsu, ambayo usiifanye su wala chu, na u yao, ambayo midomo haiviringwi kama tunavyofanya sisi. Neno la Kiingereza lililo kwenye jina la wimbo litakufurahisha. Wajapani hawalitamki kwa Kiingereza. Wamelimeza likawa su-i-i-to-pi-i, mizani sita kamili, kama sisi tulivyomeza maneno ya wageni tukayapa irabu zetu. Ukilitamka kwa Kiingereza safi umeharibu wimbo, noti nyingine zitabaki hazina mwenyewe.

Mdomo ukishatulia, sikiliza ufundi. Hapa ndipo mtu hukutana na pingamizi la kwanza, nalo nimelisikia likisemwa kwa ukali: kwamba nyimbo za aina hii ni bidhaa za kiwandani, msichana anapewa wimbo, nguo na tabasamu, na kwamba anayetaka muziki wa kweli atafute mtu anayetunga na kupiga mwenyewe. Ni kweli kwamba Seiko hakuutunga Akai Sweet Pea. Maneno ni ya Takashi Matsumoto, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mpiga ngoma na mtunzi wa maneno wa bendi ya Happy End, wakati wanamuziki wa Japani walipokuwa wakibishana kama muziki wa roki unaweza kuimbwa kwa Kijapani. Muziki ni wa Yumi Matsutoya, ambaye mwenyewe alikuwa nyota mkubwa, akaamua kutumia jina la kificho, Karuho Kureta. Mume wake, Masataka Matsutoya, ndiye aliyepanga ala. Mtu anayeziita kazi za watu hao bidhaa tupu hajazisikiliza. Kugawana kazi hakuui sanaa. Kwaya ya parokia huimba wimbo uliotungwa na mmoja, ukapangiwa sauti na mwingine, ukapigiwa kinanda na wa tatu, na hakuna anayesema waimbaji hawana moyo.

Kwa hiyo sikiliza kila fundi kwa zamu. Mara moja fuata besi peke yake, usijali sauti ya mwimbaji. Mara nyingine fuata kinanda, kisha nyuzi. Halafu fuata umbo. Wanamuziki wa Japani hugawa wimbo wa aina hii katika sehemu tatu: sehemu ya kwanza inayoweka hali, ya pili inayopandisha, na kiitikio wanachokiita sabi, ambacho ndicho hubaki kichwani. Sehemu ile ya pili ndiyo darasa lako. Waimbaji wetu wengi wanaoiga nyimbo za kigeni hukimbilia kiitikio, huku walichokiruka ndicho kinachokifanya kiitikio kionekane kimefika mahali. Sikiliza jinsi Seiko anavyozuia sauti hapo, asiimwage yote, na jinsi anavyomaliza tungo kwa pumzi badala ya nguvu. Yeye ni mwimbaji mwenye kuamua. Maneno si yake, lakini kipimo cha sauti ni chake, na huwezi kukinunua kiwandani.

Upande mchungu wa biashara hiyo haufai kufichwa. Wasichana walianza wakiwa wadogo mno, ratiba zao na maisha yao ya mapenzi yalisimamiwa na ofisi, na sura zao ziliuzwa pamoja na sauti. Momoe Yamaguchi, aliyemtangulia Seiko, alianza kurekodi mwaka 1973 akiwa na miaka 14, na tarehe 5 Oktoba 1980 alifanya onyesho lake la mwisho katika ukumbi wa Budokan jijini Tokyo akiwa na miaka 21. Aliweka kipaza sauti sakafuni, akaolewa, hakurudi tena jukwaani. Nakushauri usikilize nyimbo za wote wawili ukijua hilo. Na ukimfundisha mtoto wa shule wimbo wa Seiko, mfundishe sauti. Ile mikogo ya kupendeza watu iache ilikotoka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kuimba usichokielewa ni ukasuku. Mimi nalijibu kwa kuangalia tunavyoishi na muziki hapa hapa. Kenya imecheza Kilingala miaka na miaka. Orchestra Super Mazembe, Les Mangelepa na Samba Mapangala na Virunga yake walifanya kazi Nairobi, na watu waliimba viitikio vyao neno kwa neno bila kujua sentensi moja ya Kilingala. Wakatoliki wa Gusii, tangu misheni ya Nyabururu ilipofunguliwa mwaka 1911, waliimba misa kwa Kilatini hadi mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya miaka ya 1960 yalipoleta lugha za watu. Sidhani kuna anayethubutu kusema babu zao walikuwa kasuku kanisani. Sauti ina namna yake ya kuelewa, nayo hutangulia ile ya kamusi.

Mfano mzuri kuliko yote uko upande wa pili wa mpaka wetu na Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alifika Kapkatet, wilaya ya Kericho ya wakati huo, akawarekodi wasichana wakiimba kumhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilifika huko kwa mikono ya Wazungu. Hawakujua Kiingereza chake. Walichokisikia kilikuwa sauti isiyo ya kawaida, wakaipa mwili, wakaiimba kwa lugha yao pamoja na zeze lao la nyuzi. Tangu hapo rekodi hiyo ndogo imesikilizwa duniani kote. Hata hivyo siitumii kukuambia kwamba maana haina kazi. Wasichana wale walitunga wimbo wao wenyewe, kwa hiyo walikuwa huru. Wewe unaimba wimbo wa Matsumoto, nawe una deni kwake. Kabla hujauimba hadharani, ujue kwamba anayezungumza ni msichana anayetaka kupelekwa baharini kwa garimoshi, na kwamba yuko na kijana mwenye haya kiasi kwamba nusu mwaka umepita na hajamshika hata mkono. Ukishajua hayo utaelewa kwa nini Seiko hapazi sauti. Anayeuimba kwa kelele amemfanya kijana yule akimbie.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu lina haki ndani yake. Mzee atauliza: mtoto wa Mosocho anajifunza nyimbo za Japani, na obokano nani ataipiga? Obokano ni zeze letu kubwa la nyuzi 8, lenye bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na mngurumo mzito unaosikika kifuani kabla ya kufika masikioni. Wanaoijua vyema ni wachache, na wengi ni watu wazima. Jibu rahisi lingekuwa kusema kwamba muda unatosha kwa vyote. Sitalitoa, maana si kila mtu ana muda huo. Natoa mfano. Eriko Mukoyama, mwanamke kutoka Tokyo, alikuja Kenya, akaenda Siaya, akaketi chini ya mzee Okumu K'Orengo kujifunza nyatiti, zeze la Waluo ambalo nalo lina nyuzi 8 na ambalo kwa desturi wanawake hawakulipiga. Alifundishwa, akapewa ruhusa, akaitwa Anyango, na kwa jina hilo anajulikana hadi leo kama mwanamke wa kwanza kuwa mpiga nyatiti. Nyatiti si mkono tu. Kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma inayogonga ubavu wa zeze, mguuni kuna njuga, na mdomo unaimba Kidholuo wakati huo huo. Alijifunza yote hayo katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo, kwa kusikiliza na kurudia mbele ya mzee.

Wengine wanamtaja Anyango kwa wivu, wakisema Mjapani amechukua cha kwetu. Nakubali kwamba mgeni akiwa na pasipoti nzuri na jukwaa la Tokyo hupata kwa nyatiti kile ambacho mzee wa kijijini hapati, na hilo si haki. Lakini nyatiti haikupungua Siaya kwa sababu yeye aliishika. Hupungua pale ambapo mjukuu hakai. Unapojifunza Akai Sweet Pea kwa utaratibu huu wa mizani, pumzi na kurudia, unajifunza pia namna ya kukaa chini ya mwalimu wa obokano, kwa kuwa kazi ya sikio ni ile ile. Kwa hiyo shauri langu kuhusu mpangilio wa muda ni hili: kama karibu nawe, kuelekea Nyamira au popote pale Gusii, yupo mzee anayepiga obokano na yuko tayari kufundisha, mwanzie yeye wiki hii hii, hata kama Seiko atasubiri. Rekodi za mwaka 1982 zitakuwepo mwakani.

Na kama umeshaipata obokano mikononi, jaribu kuviunganisha, ila kwa hesabu. Kila uzi hutoa noti yake moja. Uzi haubanwi kama wa gitaa, kwa hiyo huwezi kupata zaidi ya noti 8 bila kulegeza na kukaza upya. Imba wimbo wako wote ukiandika kila noti tofauti unayoigusa, uone zipo ngapi. Zikizidi, usiulazimishe wimbo wote kwenye nyuzi. Acha sauti ibebe kiitikio, na obokano ishike mfululizo mfupi wa chini unaojirudia, kama inavyozoea kufanya chini ya hadithi ya mwimbaji. Usijaribu kuiga sauti ya kinanda cha Masataka. Ule mngurumo wenyewe utaupa wimbo kitu ambacho studio ya Tokyo haikuwa nacho. Kwa kwaya, gawa sauti tatu badala ya nne, na sauti ya chini iimbe irabu tupu sehemu ya pili inapopanda, ili maneno yasifunikwe.

Siku ya kuimba hadharani, mambo machache yanatosha. Sema jina la mwimbaji, la mtunzi wa maneno na la mtunzi wa muziki kabla ya kuanza. Eleza kwa Ekegusii au Kiswahili, kwa sentensi mbili tatu, kinachotokea ndani ya wimbo, kisha uimbe kwa Kijapani bila kusimamasimama. Ukienda kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, soma kwanza silabasi ya mwaka huo na mwalimu wako, maana kila kundi lina masharti yake ya lugha na ala. Ukitaka kurekodi na kuuza au kusambaza, kumbuka wimbo una wenyewe: haki nyingi za watunzi wa Japani husimamiwa na chama cha JASRAC, na hapa Kenya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakubana wewe na studio yako. Ulizia kwa Bodi ya Hakimiliki kabla hujalipa fundi mitambo. Ukishaumudu huu, nenda kwenye Aoi Sangosho sasa, koo likiwa limeiva, au kwenye Ii Hi Tabidachi wa Momoe Yamaguchi wa mwaka 1978, uliotungwa na Shinji Tanimura, ambao una mwendo wa safari na unaikubali sauti ya kiume vizuri kuliko nyimbo zote za Seiko.